JIONI NA NESI (Sehemu ya 31): Bunduki ya mjomba kwenye nyumba yenye watoto

  

Leo siongelei chanjo, wala kunyonyesha, wala mtoto anayekataa uji. Nimeletewa meseji na mama watatu tofauti, swali ni lile lile: "Nesi, mzee amefariki ameacha bunduki ya zamani, mume wangu anataka kuileta nyumbani. Nifanyeje?"

Swali hili nalijua kwa sababu limeshapita kwangu. Sisi tuliinunua. Ndiyo, mimi nesi wenu, nyumba yangu ya hapa Morogoro mjini yenye watoto wawili ina bunduki. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujanishambulia kwenye komenti.

ILIKUWAJE

Baba watoto ni Mluguru wa Mgeta. Mnaowajua Waluguru mnajua kwamba ukoo unafuata kwa mama. Mjomba kwao si mtu wa kukupa hela ya soda tu, ni mzazi kabisa, na mpwa ana nafasi yake kwa mjomba. Huyu mjomba alikuwa bwana nyama enzi za ujana wake, na alimiliki bunduki moja kwa leseni. Mume wangu akiwa mdogo ndiye aliyekuwa akishika kitambaa mzee anapoisafisha. Kugusa ilikuwa ruhusa siku hiyo tu, siku nyingine hapana.

Mzee alipofariki tulikwenda kwenye arobaini. Unapita Mzumbe, unaacha lami, unaanza kupanda. Huko juu baridi, ukungu, makabichi na karoti mpaka ukingoni mwa bonde. Baada ya dua wakubwa wakakaa kikao cha vitu vya marehemu. Mashamba yakaongelewa, mbuzi wakaongelewa. Bunduki kila mtu akaikwepa.

Jioni nikiwa ndani na shangazi, yaani mjane wa mjomba, nikamuuliza iko wapi. Akanionyesha kwa kidevu: nyuma ya mlango wa chumba chake, imefungwa kitenge. Na risasi je? Kabla hajajibu, mjukuu wake wa miaka mitano akadakia: "Ziko kwenye kopo la maziwa, kule juu. Babu aliweka."

Mama, hebu nisikilize hapo. Mzee alikuwa mwangalifu. Alitenganisha bunduki na risasi, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini mtoto wa miaka mitano alikuwa anajua vyote viwili viko wapi, na stuli ya kupandia ilikuwepo. Watoto hawaambiwi, wanaona. Wewe unadhani umeficha, kumbe umemwekea tu siri ya kuvutia.

Kisha shangazi akashusha sauti. Akasema kuna watu wawili wamekuja usiku, si wa pale kijijini, wametaja hela nzuri na kusema hawahitaji karatasi yoyote. Yeye hana kipato, ana wajukuu wanne, na anaogopa kwenda polisi asije akaulizwa kwa nini kitu kimekaa kwake muda wote huo baada ya mwenyewe kufa.

Mimi kabla ya siku ile msimamo wangu ulikuwa mmoja: nyumba yenye watoto na bunduki havikai pamoja. Na bado kichwani kwangu ndiyo kanuni ya kwanza. Lakini pale nikaona swali si "bunduki iwepo au isiwepo". Ilishakuwepo. Swali lilikuwa iende kwa nani: kwa wale wa usiku, ibaki na mtoto wa miaka mitano, au ipite njia iliyonyooka.

NI KITU GANI HASA

Nataka nikueleze kitu chenyewe, maana mwanamke ukikijua huwezi kubabaishwa.

Ni bunduki ya risasi moja. Hakuna kasha la risasi. Unaweka moja kwa mkono, unapiga, unatoa ganda, unaweka nyingine. Imetengenezwa na BSA wa Birmingham, Uingereza, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1861. Wazee wetu wanalijua jina hilo kwa baiskeli na pikipiki, na ukiangalia vizuri alama yao ni bunduki tatu zimeegemezana, maana bunduki ndiyo iliyotangulia. Chini ya kifyatulio kuna mkono wa chuma. Ukiuvuta chini, kipande cha chuma ndani kinashuka na tundu la risasi linafunguka. Ukiurudisha juu, bunduki imefunga na iko tayari kufyatua. Mtindo huo unaitwa Martini, na bunduki kubwa za Martini-Henry zilizotumia mtindo huo zilichukuliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1871, zikatapakaa kwenye makoloni yao yote. Hii yetu ni ndogo, ya risasi za .22.

Mwaka huo huo wa 1871 ndio ulioipa jina bunduki ya Kijerumani ya ndugu wawili akina Mauser, nayo ya risasi moja moja. Hii inatuhusu sisi wa Morogoro moja kwa moja. Vita Kuu ilipofika huku mwaka 1914, askari Waafrika wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado wamebeba hizo za 1871, zinazotumia baruti nyeusi. Ukipiga moja, wingu la moshi linapanda na adui anajua uko wapi. Ndiyo maana waliposhinda Tanga Novemba 1914 walifurahia sana bunduki mpya walizoteka kwa Waingereza.

Mji wetu ulichukuliwa na majeshi ya Jenerali Smuts tarehe 26 Agosti 1916. Wajerumani wakarudi nyuma kupitia milima hii hii ya Uluguru mpaka Kisaki, na mto Mgeta ukawa mstari wa mbele mpaka Januari 1917. Mto huo unatoka kwenye milima ile ile ambako mjomba alikuwa analima. Na kama nesi niseme hili: waliokufa wengi katika vita ile walikuwa wapagazi, na wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, vichomi na njaa. Jina la Kariakoo linatokana na hao wabebaji, Carrier Corps. Bunduki inasifiwa, aliyebeba masanduku ya risasi kichwani hana hata kaburi.

Haya niliyajua kwa sababu ya bunduki ya mjomba. Mume wangu alianza kusoma, na mimi nikasoma naye. Nikaanza kuielewa mapenzi yake. Mbao ya kitako imekuwa laini na nyeusi pale shavu la mzee lilipokuwa linakaa. Kuna mkwaruzo mmoja ambao mume wangu anaujua ulitokea siku gani. Chuma kimechakaa rangi lakini hakina kutu, na ndani ya mtutu mistari yake bado inaonekana safi. Kitu cha miaka mingi namna hiyo kikiwa hivyo, unajua kulikuwa na mtu nyuma yake.

Na jambo la risasi moja nalo nimelipenda. Sisi manesi kabla ya sindano tunafundishwa kukagua: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Ukishachoma huwezi kuivuta dawa irudi. Mzee alikuwa akimwambia mpwa wake hivyo hivyo: una moja tu, kwa hiyo fikiri kwanza, na kama huna uhakika shusha mtutu, urudi nyumbani.

TULIVYOINUNUA

Hapa shika kalamu.

Leseni ya bunduki ni ya mtu, si ya nyumba wala ya ukoo. Mwenye leseni akifa, mtoto hairithi kwa kuichukua ukutani, na mpwa naye hairithi, hata kama kikao cha ukoo kimekubaliana. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Silaha ya marehemu inatolewa taarifa na kukabidhiwa polisi, na anayeitaka anaomba upya kwa jina lake.

Kwa hiyo hatukuibeba. Hatukuiweka kwenye kiroba nyuma ya bodaboda kushuka nayo mjini, maana hapo ungekamatwa wewe uliyekuwa unataka kufanya vizuri. Tulianza kwa mwenyekiti wa kijiji, tukaenda na leseni ya marehemu na cheti cha kifo, kisha polisi wakapewa taarifa wakaichukua pamoja na lile kopo. Shangazi alitetemeka siku hiyo nzima. Alipoona anaandikiwa karatasi na kugongewa mhuri, aliketi chini akalia. Hakulia kwa huzuni, alikuwa ametua mzigo.

Mume wangu akaanza maombi: barua ya serikali ya mtaa, kata, wilaya, mkoa, alama za vidole, maswali kwamba anaitakia nini. Ilichukua karibu mwaka. Muda huo wote bunduki ilikaa polisi. Na hela ya mauzo tulimpa shangazi kupitia msimamizi wa mirathi, mbele ya wakubwa wa ukoo, ikaandikwa. Bei ilikuwa ndogo kuliko ile ya watu wa usiku, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyechagua.

Mambo ya kuangalia ukifika hatua ya kununua: namba iliyogongwa kwenye chuma ifanane na ya kwenye leseni, tarakimu kwa tarakimu. Kitako kisiwe na ufa. Mtutu usiwe umevimba au kuliwa na kutu. Ikaguliwe na fundi anayetambulika kabla mtu yeyote hajafikiria kuipiga. Na kama ni gobore lililochongwa kienyeji, achana nalo kabisa. Gobore linaweza kumpasukia aliyelishika, mkono na jicho vikaenda.

Kama unayo nyumbani isiyo na karatasi yoyote, usiizike shambani na usiitupe mtoni. Mwone mwenyekiti au polisi kata, eleza ilikotoka, waache wao waje. Serikali imewahi kutangaza vipindi vya msamaha vya kusalimisha silaha, kama Septemba na Oktoba 2022. Kikitangazwa kingine, usisubiri siku ya mwisho.

MASHARTI YANGU

Kabla sijasaini kukubali, nilimpa baba watoto masharti. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema sawa.

Moja. Kabati la chuma, limefungwa kwa bolti ukutani, kufuli mbili. Fundi wa kuchomelea alitutoza zaidi ya bei ya bunduki yenyewe. Kama huna hela ya kabati, basi huna hela ya bunduki.

Mbili. Ndani ya nyumba hakuna risasi hata moja mpaka mdogo wetu amalize shule. Akitaka kuipiga siku moja, iwe mahali panaporuhusiwa, na risasi ziishie huko huko. Risasi ya .22 inaonekana ndogo kama punje ya mhindi lakini inaweza kumdhuru mtu aliye zaidi ya kilomita 1. Na hakuna kwenda kuwinda Uluguru. Msitu ule ni hifadhi, na sheria ya wanyamapori haina mjomba.

Tatu. Kila anayeishika anaifungua na kuangalia, hata kama aliyempa ameifungua sasa hivi. Mtindo huu wa Martini hauna nyundo ya nje. Kwa kuitazama tu huwezi kujua kama iko tayari kufyatua.

Nne, na hili ni langu la unesi. Jamani, Kiswahili chetu kimetuambia ukweli: risasi ya bunduki na risasi ile madini ni neno moja, na mara nyingi ni kitu kimoja. Madini ya risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Inapunguza uwezo wa kujifunza, inaleta upungufu wa damu, na mama mjamzito anaipitisha kwa aliye tumboni. Masizi yanayotoka kwenye mtutu wakati wa kusafisha yanaweza kuwa nayo. Kwa hiyo haisafishwi mezani tunapokula. Anasafishia nje, vitambaa vinatupwa, mikono inanawishwa kwa sabuni, shati linafuliwa peke yake. Na mtoto asichezee kabisa risasi za zamani au maganda, hata yale ya kuokota shambani.

Tano. Siku yoyote mmoja wetu akiwa amelemewa, iwe ni ugomvi, pombe, madeni, au ile huzuni nzito inayowapata wengine baada ya kujifungua, bunduki inatoka nyumbani, inarudi kwa polisi kutunzwa. Bila mjadala na bila aibu. Tafiti nyingi za Marekani zimeonyesha kwamba bunduki kuwepo nyumbani kunaongeza hatari ya mtu kujiua. Fikra mbaya mara nyingi inapita, mtu akipata muda. Usimpe njia ya mkato.

WATOTO WAAMBIWE NINI

Wa kwetu wameiona. Siku ilipokuja tuliwaita, baba yao akaifungua, akaonyesha iko tupu, akawasimulia habari za babu, akaifungia. Hatukuigeuza mzimu wala zawadi. Wamefundishwa maneno manne, wanayaimba kama wimbo: usiguse, ondoka, mwite mwenzako, mwambie mkubwa. Kufundisha ni vizuri, lakini usilitegemee hilo. Mtoto mwenye adabu zote atagusa siku utakapokuwa umetoka. Kufuli ndiyo inayolinda, mafundisho yanasaidia tu.

Na ukimpeleka mtoto likizo kwa babu na bibi, uliza. Unauliza kama kuna mbwa mkali, unauliza kama kisima kina mfuniko. Uliza na hili kwa heshima: "Baba, ile bunduki yako siku hizi unaitunza wapi? Wajukuu wako wamekuwa watundu." Hakuna mzee atakayekasirika ukimwambia hivyo.

IKITOKEA BAHATI MBAYA

Kwanza hakikisha silaha iko mbali na hakuna mwingine atakayeumia. Kandamiza panapotoka damu kwa kitambaa safi, kandamiza kwa nguvu, usifungue kila dakika kuchungulia. Kikilowa weka kingine juu yake. Usichokonoe kutafuta risasi. Usiweke majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Usimpe chakula wala maji, anaweza kuhitaji upasuaji. Mfunike asipate baridi, mkimbize hospitali. Hata tundu dogo la .22 usilidharau, ndani linaweza kuwa limepita mahali pabaya. Fomu ya polisi, ile PF3, itafuatwa na mtu mwingine wakati mgonjwa anahudumiwa. Usimkalishe mtu anavuja damu akisubiri karatasi.

SASA WEWE ULIYENIULIZA

Sikuambii ununue, na sikuambii ukatae. Nakwambia usikubali iingie kimyakimya, ikiwa imefungwa kitenge, kwa maneno ya "ni ya mzee tu, haina madhara". Muulize mumeo mambo matatu leo: karatasi zake ziko wapi, itafungiwa kwenye nini, na risasi ziko wapi sasa hivi. Akikosa jibu la moja tu, jibu lako ni hapana, na polisi ndiyo pa kuitunza mpaka majibu yapatikane.

Na kama anaipenda kweli kwa sababu ni kumbukumbu ya mzee wake, usimcheke. Mwanaume anayekaa mwaka mzima kufuatilia mihuri kwa ajili ya kitu cha marehemu, halafu akakubali kukaa nacho bila risasi, huyo anatunza kumbukumbu ya mtu, si ubabe. Wangu kila baada ya miezi kadhaa anaitoa, anaisafisha uani, na mtoto wetu mkubwa anamshikia kitambaa. Siku hiyo tu.

Shangazi hajambo. Chumba chake sasa mlango unafunguka mpaka mwisho, na kopo la maziwa lina maharage ya mbegu.

Sehemu ya 32 tutaongelea mafuta ya taa na dawa za panya zinazowekwa kwenye chupa za soda. Mtumie huyu post baba watoto, mwambie nesi anamsalimia.